Ukingo wa Usukani

Mfaranyaki,
Songea.
14 Agosti 2024

Dada yangu Emerensiana,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na Careen na wale mapacha wake, na joto la Dar liwe limepungua kidogo, maana mara ya mwisho ulilalamika mpaka nikakuonea huruma. Huku sisi hatujambo. Baridi ya mwaka huu imekaa sana, na hadi jana asubuhi ilinibidi niwashe moto pale karakanani kwanza ndipo niweze kugusa bati. Magoti yangu ni yale yale. Kuku wako wamebaki kumi na mmoja. Yule jogoo mwekundu usimwulizie, alikwenda na Kipaimara cha mtoto wa jirani, na watu walimsifu sana.

Najua utashangaa kuona barua wakati tunaongea kwa simu kila Jumapili. Nina sababu. Kwenye simu mimi hucheka, na wewe ukinisikia nacheka unacheka, halafu jambo linapita. Hili sitaki lipite. Rosemary, binti wa Mama Thadei hapa jirani, anasafiri kesho kuja huko kumwona mumewe, nami nimemwomba akufikishie mkononi. Isome ukiwa umekaa.

Nianze na habari za kwako Matogoro, kwa sababu najua shemeji Joachim hakuambii yote. Ulipoondoka mwezi wa kwanza kwenda kumlea binti yako Careen alipojifungua, ile ndege ya mume wako ilikuwa bado mabati yaliyolala ghalani juu ya magunia yako ya mahindi, na wewe ukasema utarudi uyakute yalivyo. Sasa ina mabawa. Imejaa ghala lote. Mahindi yamehamia chumba cha wageni, na meza yako ya kulia chakula ndiyo meza yetu ya kazi, imefungiwa bamba la chuma juu kwa boliti nne. Ndiyo, boliti zimetoboa mbao hadi upande wa pili. Nilimwonya shemeji kwamba hilo utamwulizia, akasema utakuwa umeshapanda ndege na kuiona Mbamba Bay kutoka juu, na hutakumbuka meza. Lakini mimi nakujua.

Kwa kweli kazi yake ni safi. Mtu aliyetengeneza ndege za watu miaka thelathini hapo Dar, halafu anastaafu na kujiundia yake mwenyewe ya viti viwili kwa kufuata kitabu, huwezi kumcheka tena ukishaiona imesimama. Wale waliokuwa wakisema mzee amechanganyikiwa sasa wanaleta watoto wao kuitazama baada ya misa.

Wewe ndiye uliyemwambia anichukue nimsaidie, na nilikushukuru wakati ule. Nilikuja na kiburi changu chote, sikufichi. Nimepiga bati miaka kumi na tisa. Gata za maji ya mvua hapa Mfaranyaki, nusu yake ni mkono wangu, na masanduku ya watoto wanaokwenda bweni, na makarai ya akina mama wa maandazi. Nilijiambia kwamba ndege nayo ni bati, na katika Songea hii yote, mtu wa bati ni mimi.

Basi mwezi wa pili shemeji akaenda Mtwara kuchukua sanduku la mwisho la vifaa. Wakati wa kurudi breki za gari alilokodi zikamwishia Nakapanya, kule Tunduru, na akaelekezwa kwa mzee mmoja anaitwa Hassani mwenye kibanda kando ya barabara. Mzee huyo na binti yake Mwanne wanafanya breki za malori. Wanabandua vile vipande vinavyoshika gurudumu vikishalika, na kufunga vipya kwa ribiti, ile misumari mifupi inayopondwa ncha ili ishike. Shemeji alikaa juu ya tairi akamtazama yule binti anavyogonga. Aliniambia baadaye kwamba gari lilikuwa tayari baada ya saa moja lakini yeye hakutaka kuondoka. Alimwomba Mzee Hassani amruhusu binti aje kwenye kazi yetu, na wiki mbili baadaye Mwanne akashuka stendi ya Songea na begi la nguo na begi la zana, akafikia kwa shangazi yake Shakila hapa hapa Mfaranyaki.

Ni mwanamke wa miaka kama ishirini na minane hivi, mwembamba, ushungi wake ameufunga nyuma ili usinaswe na mashine. Haongei sana akiwa kazini. Lakini yeye ni Myao na mimi ni Mngoni, kwa hiyo utani ulianza siku ile ile kama watu wetu walivyozoea. Aliniambia mababu zangu walitembea kwa miguu kutoka Afrika Kusini, walipofika Songea wakachoka, na tangu siku hiyo hakuna Mngoni aliyefika popote. Mimi nikamwambia Wayao kazi yao ni kukaa barazani kungoja korosho zianguke zenyewe. Siku ya tatu alichukua kofia yangu, akakataa kuirudisha hadi nimnunulie chai. Unajua utani wetu ulivyo: mtu anaweza kukuambia lolote mbele ya watu, na hakuna wa kulibeba rohoni. Ulikuwa utani mzuri. Ningependa ungebaki hivyo.

Kabla ya kuanza, shemeji alitupa kila mmoja kipande cha bati na ribiti kumi. Alikuwa na kipimo kidogo cha kupitisha juu ya kila kichwa cha ribiti kuona kama kimekaa sawa. Zangu zilipita sita. Za Mwanne zilipita zote. Shemeji alimpa Mwanne nyundo ya upepo na mimi akanipa chuma cha kupokelea.

Dada, hujawahi kufanya kazi hii kwa hiyo nikueleze. Ribiti ya ndege inataka watu wawili. Mmoja anakaa nje na nyundo inayoendeshwa na upepo wa kompresa. Mwingine anakaa nyuma ya bati ameshika donge la chuma, ili ribiti ikigongwa itanuke upande wake na kushika. Wa nje anaonekana, na wa nyuma anatetemeka meno. Nilikaa nyuma ya mabawa yale miezi mitatu. Watu wa parokia walipokuja kupiga picha, walimpiga Mwanne na nyundo yake. Ipo picha moja ilizunguka kwenye simu za nusu ya mji, na mimi nimo, ukitazama vizuri utaona kiwiko changu.

Niliona wivu. Nalisema kama lilivyo kwa sababu wewe umenilea na ulishaliona kabla ya mimi mwenyewe. Niliona wivu shemeji alipoacha kumwita Mwanne akaanza kumwita fundi, huku mimi nikibaki Gaspari. Niliona wivu alipomwekea kikombe kile cha udongo ambacho hata mimi shemeji yake hajawahi kunipa. Kazi ikisimama adhuhuri ili Mwanne aswali, nilikuwa nahesabu dakika, na mimi ndiye ninayechelewa kila siku ya Mungu. Alileta korosho za kukaanga kutoka kwao akanipa mfuko mzima. Nilizila zote kwa hasira. Hakunikosea kitu hata kimoja, na hilo ndilo lililozidi kuniudhi, maana mtu asiyekukosea utamchukia kwa lipi?

Mwezi wa tano shemeji akapata msiba Mbinga, wa baba yake mdogo, akakaa huko siku sita. Kilichobaki wakati ule ni usukani wa nyuma, lile bati linalosimama mkiani na kuigeuza ndege kushoto na kulia. Ni mabati mawili yanayokutana nyuma kwenye ukingo mwembamba kama wa kisu, na ukingo wote unashikwa kwa ribiti sitini na nne. Shemeji aliniachia kitabu, kwa kuwa kimeandikwa Kiingereza na Mwanne Kiingereza hakisomi. Akasema nimsomee maelekezo, yeye agonge, mimi nishikilie. Akatuamini, akaondoka.

Aliporudi alivuta uzi kutoka mwanzo wa ukingo hadi mwisho. Katikati kidole kilipita kati ya uzi na bati. Usukani ulikuwa umepinda kama ndizi. Shemeji alikaa kwenye kiti akautazama, halafu akatuambia kwamba ndege yenye usukani ule haitaanguka, lakini itavuta upande mmoja safari nzima, na mkaguzi wa ndege hatausaini. Akauliza imekuwaje.

Mwanne akajibu kwa adabu kwamba amegonga kama alivyosomewa, kutoka ribiti ya chini kwenda ya juu, moja baada ya nyingine. Shemeji akanigeukia. Nami nikasema, kwa ile sauti yetu ya utani, kwamba ni kweli kabisa, nilimsomea uongo, kwani Myao akisomewa kweli ataipeleka wapi? Shemeji akacheka ingawa alikuwa na uchungu. Mwanne hakucheka. Alinitazama tu, kama mtu anayengoja umalizie maneno yako.

Kisha shemeji akafuta macho akasema tuache utani, akaniuliza kama nilimsomea ule ukurasa wote. Nikaitikia kwa kichwa.

Shemeji si mtu wa kugomba. Alimwambia Mwanne kwa upole kwamba mwenye nyundo ndiye mwenye mstari, na kwamba apumzike kwanza nyumbani wakati yeye anaagiza mabati mengine. Mwanne akaomba tu usukani ule usitupwe, akasema labda kuna siku mtu atautazama tena. Siku ya pili akapanda basi la Tunduru. Mabati mapya yalichukua miezi miwili kufika, na nyundo nikapewa mimi. Shemeji akaanza kuniita fundi. Nilidhani ningefurahi.

Kuna vipande vya ndani ya usukani ambavyo havikuagizwa vipya, kwa hiyo ilibidi ule wa zamani ufunguliwe, na kazi hiyo nilipewa mimi peke yangu. Nikaanza kutoboa ribiti za Mwanne moja moja kwa drili. Dada, nilizipima. Sikuwa na haja ya kuzipima, lakini nilichukua kile kipimo cha shemeji nikazipima zote sitini na nne, na hakukuwa na hata moja iliyokaa vibaya. Kila kichwa kilikuwa kimelala na bati lake, ukipitisha kidole husikii kitu. Ukingo ulikuwa umepinda, na kila ribiti iliyoupinda ilikuwa nzuri kuliko ribiti yoyote niliyowahi kupiga maishani mwangu. Niliziweka kwenye kopo la maziwa nikalificha chini ya meza. Sijui nilikuwa namficha nani.

Sasa nimefika pale nilipokuwa naogopa kufika. Siku ile sikuwa natania.

Nilimsomea uongo kweli. Ukurasa ule una aya inayosema usipige ribiti za ukingo kwa kufuatana. Inasema uanze na moja kila baada ya kumi, uzigonge nusu tu, kisha urudi katikati yake, kisha tena katikati, huku ukiugeuza usukani na kuuwekea rula kila mara, ndipo mwisho uzimalizie zote. Sababu ni kwamba kila ribiti ikikazwa inatanua bati kidogo, na ukienda kwa kufuatana unausukuma mtanuko wote upande mmoja hadi bati likose pa kwenda. Niliisoma aya hiyo kwa macho mara mbili. Mimi mtu wa bati, sikuhitaji hata kitabu kuniambia. Halafu nikafunua ukurasa nikamwambia Mwanne hapa wanasema tuanzie chini tupande juu.

Aliniuliza, Dada. Hili ndilo linaloniamsha. Alishusha nyundo akasema kwenye breki wao huanzia katikati na kwenda pande zote mbili, vinginevyo kile kipande kinainuka, je, kitabu hakisemi hivyo? Ningeweza kurudi nyuma pale pale, nikasema ngoja nitazame vizuri, na hakuna ambaye angejua. Badala yake nikamwambia hii ni ndege, siyo lori la korosho la baba yako. Akacheka, kwa kuwa ni haki yangu kumwambia hivyo na ni wajibu wake kucheka. Akaanza kugonga kutoka chini.

Mimi ndiye niliyekuwa nimeukandamiza usukani juu ya lile bamba la chuma. Ilipofika ribiti ya kumi nilisikia bati linatambaa chini ya viganja vyangu. Yeye asingeweza kulisikia, alikuwa kwenye nyundo. Kwenye ya thelathini lilikuwa limeshasogea kiasi ambacho hata mtoto angelijua, na bado ingewezekana kusimama na kuokoa. Sikusema simama. Nilikandamiza zaidi. Nilitaka upinde, na nilitaka upinde mkononi mwake.

Ndivyo ilivyokuwa. Sikuwa na shetani, wala sikuwa nimelewa, na wala sikusahau Kiingereza. Ulikuwa wivu mtupu.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Nakapanya. Nilimwambia shemeji nampelekea Mwanne begi lake la zana alilolisahau kwa shangazi yake, na ni kweli nilikuwa nalo, lakini nilikwenda kwa sababu ya jambo nililolisikia kwa dereva mmoja. Habari zilitangulia, unajua barabara ile. Madereva wanamwita Mwanne Ndizi. Wanamwuliza kama breki zao nazo atazipinda. Wawili kati ya wateja wao wakubwa wameanza kupeleka malori Tunduru mjini. Kwa mtu ambaye breki zake zinabeba roho za watu, jina kama hilo halisemwi kwa kucheka hata kama wanaolisema wanacheka.

Nilimkuta Mzee Hassani amelala chini ya lori na Mwanne amekaa kwenye kigoda anagonga. Walinipokea vizuri mno. Wakatandika mkeka, wakaleta ugali na kisamvu cha karanga, na mzee akauliza kama Wangoni siku hizi wanatumia kijiko. Nilikula kidogo. Kisha nikasema nimekuja kusema neno, nikasema yote, mbele ya mzee na mbele ya kijana mwenye lori, kwamba nilimsomea Mwanne uongo kwa makusudi na yeye hana kosa.

Mzee Hassani alicheka hadi akakohoa. Akasema tangu azaliwe hajaona Mngoni anapanda basi kutoka Songea hadi Nakapanya kuja kumalizia utani, na kwa heshima hiyo akanivua kofia akaivaa yeye. Nikasema siyo utani, mzee wangu. Akacheka zaidi. Nikaapa. Akasema Wangoni wakiapa ndiyo usiwaamini kabisa. Yule kijana wa lori naye alikuwa anajipiga mapaja. Nilikaa pale kwenye mkeka nikiwa nimesema ukweli mtupu wa maisha yangu, na watu wanafurahi. Kwa miaka yote nimeutumia utani huo kusema nitakalo. Siku niliyotaka kusema jambo likaaminiwa, hakukuwa na wa kuniamini.

Mwanne ndiye aliyenisindikiza barabarani kungoja basi. Aliniambia alijua. Hakujua siku ya kugonga, alijua siku ya uzi. Alisema mtu akitania mikono yake inalegea, na mimi siku ile nilikuwa nimeishika meza kama inataka kukimbia. Nikamwuliza kwa nini basi hakusema. Akasema angesema nini, mimi nilikuwa nimeshasema mwenyewe na Mzee Joachim ameshacheka, angerudia maneno yale yale aonekane mtani asiyejua utani? Kisha akaniambia, bila hasira, na hilo lilinishinda kuliko angenitukana, kwamba yeye amenisikia na baba yake akitulia atamweleza, lakini jina lake halikupotelea Nakapanya. Lilipotelea Matogoro mbele ya Mzee Joachim, na huko ndiko nikaliseme. Na shemeji si mtani wangu. Kwake hakuna pa kujificha.

Basi likiwa linakuja akaniuliza usukani mpya unaendaje. Nikamjibu kweli kwamba mstari umenyooka kwa sababu nafuata kitabu, lakini vichwa vya ribiti vinaumia, nyundo inaniteleza. Akaniambia naibana mno. Akanishika kifundo cha mkono pale pale mbele ya abiria, akakilegeza, akasema nyundo iache ijibebe, mimi niielekeze tu. Jumatatu nilijaribu. Zilikuwa zimebaki ribiti ishirini, na zote ishirini zimekaa kama zake.

Unajua nilihisi nini nilipozipima? Ungedhani ni shukrani, au aibu. Vilikuwepo, sikatai, lakini kilichotangulia kilikuwa kile kile cha zamani. Niliona wivu kwamba anaweza kumpa mtu aliyemharibia kitu kizuri namna ile, hivi hivi tu, na asibaki amepungukiwa. Mimi nisingempa. Nimekaa nikijichunguza siku tatu hizi, na hadi sasa bado najua nisingempa.

Jumamosi hii shemeji ataufunga usukani mkiani. Amemwalika padri abariki, amewaalika majirani, mama zako wa jumuiya wanapika, na wiki ijayo mkaguzi anakuja. Ameshaniambia atanisimamisha mbele ya watu na kusema huu ni mkono wa shemeji yangu Gaspari. Jana alinishika bega akasema alikosea kumtafuta fundi Tunduru wakati fundi yumo ndani ya nyumba. Nimeyangoja maneno hayo tangu mwezi wa pili. Nilipoyasikia nilimwambia asante.

Nimepanga kumwambia Ijumaa jioni, tukiwa wawili. Nitampelekea kitabu na lile kopo la ribiti. Najua atanitoa kwenye kazi, na ana haki, na najua atapanda gari kesho yake kwenda kumrudisha Mwanne. Hilo la pili ndilo linaloniuma zaidi ya la kwanza, nakuambia wewe tu. Nimelipanga jambo hili vizuri kabisa. Lakini Jumatano iliyopita pia nilikuwa nimepanga, na Jumapili nikiwa natoka misa nilikuwa nimepanga, na mara zote mbili niliingia ghalani nikamkuta anaupangusa ule usukani kwa kitambaa, akaniita fundi, nikakaa, tukanywa chai.

Kwa hiyo, Dada, sikuombi msamaha leo wala sikuombi unitetee kwa mume wako. Nakuomba jambo moja. Ijumaa usiku ngoja simu yake. Kama nimemwambia atakupigia, maana hana mwingine wa kumpigia akiwa na uchungu. Asipokupigia, ujue niliingia, akaniita fundi, nikanyamaza. Basi Jumamosi asubuhi, kabla padri hajafika, mpigie wewe umsomee barua hii kama ilivyo. Mimi nikikupigia kukuomba usubiri, usipokee.

Msalimie Careen, mwambie wajomba zake wote wanawasalimu watoto. Mapacha wapake mafuta ya nazi kichwani kama mama alivyokuwa akitupaka. Majirani wa Matogoro wote wanakuulizia, na shamba lako la bondeni limeshalimwa. Mungu akulinde, akurudishe salama kwenye nyumba yako na meza yako yenye mashimo.

Ni mimi mdogo wako,
Gaspari